Faragha ya Kripto Huvujia Njiani

Binamu yangu anaishi Kayole, na kazi yake ni kuhariri video za mteja aliye ng'ambo. Kila mwisho wa mwezi hulipwa kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kisha huiuza apate shilingi. Mwaka jana alimuuzia kijana mmoja waliyeunganishwa na rafiki. Kiasi kilikuwa kidogo, kama dola 100. Binamu akatuma USDT kutoka pochi yake, yaani programu ya simu anamotunzia kripto, kijana akatuma shilingi kwa simu, jina la kila mmoja likatokea kwenye ujumbe wa malipo, wakaagana vizuri. Wiki 2 baadaye kijana akapiga simu kuomba mkopo. Alijua pochini kumebaki kiasi gani. Alijua mshahara huingia tarehe ngapi. Alijua hata mwezi ambao mteja alichelewa kulipa.

"Nimedukuliwa," binamu aliniambia, uso umemshuka. Nikachukua simu yake, nikanakili anwani ya pochi, ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha, nikaibandika kwenye mojawapo ya tovuti za bure zinazoonyesha miamala. Historia yake yote ikafunguka mbele yetu pale kwenye kochi. Hakuna aliyevunja kufuli. Kwa muamala mmoja tu alikuwa amemkabidhi mgeni majina yake yote 2: lile la kwenye kitambulisho na lile la kwenye daftari la umma ambamo miamala yote huandikwa.

Mimi ni fundi wa mitandao. Navuta nyaya, nafunga ruta, natafuta kwa nini ofisi fulani ya Upper Hill imeamka bila intaneti. Tangu siku ile watu kadhaa wameniuliza kama kripto ni ya siri au la, na jibu la neno moja sina, kwa sababu swali lenyewe lina sehemu 3: daftari ambamo miamala huandikwa, njia ambayo muamala hupitia kufika huko, na malango ambako kripto hugeuka shilingi. Maelezo mengi huishia kwenye daftari, kwa kuwa hesabu zake zinavutia. Nitakaa zaidi kwenye njia. Ndiko ninakoona mambo yakivuja, na ndiko vijana wetu wanaounda pochi na programu za malipo hapa Nairobi wanakopita mbio mno.

Daftari lililobandikwa ukutani

Chukua chama cha kina mama 20. Mweka hazina hataki kuandika majina, kwa hiyo anaandika namba: 7 amempa 12 shilingi 2,000. Kisha anabandika daftari ukutani stejini, kila apitaye asome. Mwanzoni inaonekana kuna siri, maana hakuna jina la mtu. Lakini siku mtu mmoja akigundua kwamba 7 ni wewe, hatasoma ukurasa wa leo peke yake. Atasoma kurasa zote tangu chama kianze, na kesho atarudi kusoma zitakazoandikwa. Wala ukurasa hauchaniki.

Hivyo ndivyo Bitcoin ilivyo tangu bloku yake ya kwanza, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari, ya tarehe 3 Januari 2009, na ndivyo zilivyo Ethereum na Tron, mtandao ambao binamu hupokelea USDT. Satoshi Nakamoto mwenyewe, mwanzilishi wa Bitcoin, kwenye waraka alioutoa tarehe 31 Oktoba 2008, alionya kwamba muamala unaokusanya pesa kutoka sehemu kadhaa hufichua kuwa sehemu hizo zote ni za mtu mmoja. Kampuni za kufuatilia miamala, kama Chainalysis, zimejenga sehemu kubwa ya kazi yao juu ya onyo hilo. Mwaka 2016 soko la kripto la Bitfinex liliibiwa bitcoin 119,756. Sehemu yake ilizungushwa kwenye anwani nyingi kwa miaka, na bado Februari 2022 serikali ya Marekani ilikamata zaidi ya 94,000 kati yake na kuwatia mbaroni mume na mke waliokuwa wakizisafisha.

Linganisha na M-Pesa, tuliyoizoea tangu Machi 2007. Huko kampuni inaona kila kitu na jirani haoni kitu. Ukihisi taarifa zako zimetumika vibaya, kuna Kifungu cha 31 cha Katiba, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko. Kwenye daftari la umma jirani ndiye anayeona, na hakuna wa kumwagiza afute. Wengi wanaoingia kripto wanaamini kinyume kabisa cha hayo, na imani hiyo ndiyo iliyomponza binamu.

Kujificha katikati ya umati

Wazo la pesa ya kidijitali yenye siri ni la zamani kuliko Bitcoin. David Chaum, mtaalamu wa kompyuta kutoka Marekani, alieleza mwaka 1981 jinsi ya kupitisha barua pepe kwenye vituo vinavyozichanganya ili mtumaji asijulikane. Miaka 2 baadaye akaeleza saini pofu: unaweka noti ndani ya bahasha pamoja na karatasi ya kaboni, benki inasaini juu ya bahasha, saini inapenya hadi kwenye noti, na benki haijui imesaini noti ipi. Kampuni yake, DigiCash, ilifilisika mwaka 1998. Wazo halikufa, leo limerudi kwenye miradi ya Cashu na Fedimint, inayotoa noti za namna hiyo juu ya Bitcoin.

Bitcoin ilipokuja, mbinu nyingine zikafuata. Mwaka 2013 Gregory Maxwell alipendekeza CoinJoin. Abiria 14 wa matatu wanampa makanga noti za 100 zote kwa mkupuo. Anayetazama dirishani anajua nani wamo ndani ya gari, lakini hawezi kusema noti ipi imetoka mkononi mwa nani. Sharti ni moja, viwango viwe sawa. Atakayetoa shilingi 137 atatambulika papo hapo.

Monero, sarafu iliyoanza Aprili 2014, ilikwenda mbali zaidi. Kila malipo husainiwa na duara: tangu Agosti 2022 duara hilo lina washiriki 16, mmoja wa kweli na 15 wa kumfunika, na saini inathibitisha kwamba mmoja wao ameidhinisha bila kuonyesha ni yupi. Anwani ya mpokeaji hutengenezwa upya kwa kila muamala, na tangu 2017 kiasi kimefichwa pia.

Zcash, sarafu ya Oktoba 2016, hutumia uthibitisho usiofichua kitu, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Mlinzi wa geti la mtaa anataka kujua kama wewe ni mkazi. Unaweza kumwonyesha jina, namba ya nyumba na risiti ya kodi. Au unaweza kuzunguka nyuma ya ukuta, kwenye bomba la kisima ambalo hufunguliwa kwa ufunguo wa wakazi peke yao, ukarudi na ndoo imejaa. Mlinzi ameridhika kwamba u mkazi. Hajui jina lako wala nyumba yako. Zcash hufanya hivyo kwa hesabu: unathibitisha kwamba pesa ni zako, hazijatumika, na jumla zinalingana, bila kutaja hata tarakimu moja. Toleo la kwanza lilihitaji watu 6 waandae vigezo vya siri na kuviharibu. Kama wote 6 wangekula njama, wangeweza kutengeneza sarafu bandia. Mmoja wao alikuwa Edward Snowden, yule aliyefichua upelelezi wa Marekani, jambo lililojulikana mwaka 2022, mwaka uleule ambao mfumo mpya uitwao Orchard uliondoa hitaji hilo.

Kati ya hizi mbili, ninaiamini zaidi njia ya Monero, na si kwa sababu ya hesabu. Ndani ya Zcash kujificha ni hiari, na kwa miaka mingi miamala mingi ilipita wazi. Wachache wakivaa buibui kwenye soko lisilo na buibui, vazi lenyewe linawatambulisha. Faragha inahitaji umati, na umati hupatikana pale kujificha kunapokuwa desturi ya wote.

Kutoka mnarani hadi baharini

Sasa tufuate muamala wenyewe. Umekaa Kawangware, umebonyeza kitufe cha kutuma. Data inapanda mnara wa kampuni ya simu, ambako laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho. Anwani za IP, namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, za mtindo wa zamani ni chache, kwa hiyo laini nyingi za simu hupewa anwani ya ndani na kutumia anwani moja ya nje pamoja na wateja wengine. Seva iliyoko ng'ambo inakuona kama mmoja wa kundi. Kampuni ya simu inakuona wewe.

Kama unachokitafuta kiko hapa nchini, data inaweza kupitia KIXP, kituo ambacho watoa intaneti wa Kenya hubadilishana trafiki. Kilianza Nairobi mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na ukiritimba, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla yake, barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilirushwa ng'ambo kwa setilaiti kisha ikarudi. Kwa kripto bado tuko karibu na enzi hizo. Seva nyingi ambazo pochi zetu huzitegemea ziko Ulaya na Marekani, kwenye kompyuta za kukodi, kwa hiyo data inateremka hadi Mombasa na kuingia kwenye kebo za baharini, TEAMS, SEACOM, EASSy na nyinginezo.

Njiani kote huko kuna masikio. Ujumbe ukiwa umefumbwa, msikilizaji hawezi kuusoma, lakini anaona nani anazungumza na nani, saa ngapi, kwa muda gani. Kwa mambo ya pesa hayo mara nyingi yanatosha.

Na sikio lililo karibu zaidi ni lile tunalolikaribisha wenyewe. Pochi ya kawaida ya simu haina daftari ndani yake; daftari la Bitcoin pekee limezidi gigabaiti 600. Kwa hiyo kila unapoifungua, pochi inauliza seva ya mtu: anwani hii ina salio gani? Na hii? Na hii? Unaweza kuwa umetenganisha pesa zako kwenye anwani 20 kwa uangalifu mkubwa, na pochi ikazitaja zote kwa pumzi moja mbele ya msikilizaji mmoja, pamoja na anwani yako ya IP. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni ile seva. Novemba 2022 kampuni ya ConsenSys iliandika waziwazi kwenye sera yake kwamba Infura, mtambo ambao pochi ya MetaMask huutumia usipochagua mwingine, hukusanya anwani ya IP na anwani ya pochi mtu anapotuma muamala. Watumiaji walipolalamika, kampuni ikasema itapunguza muda wa kuhifadhi hadi siku 7. Sisemi kwamba ilikuwa na nia mbaya. Nasema orodha kama hiyo ikishakuwepo, siku yoyote inaweza kuombwa, kuibwa au kuamriwa na mahakama.

Ipo namna bora zaidi kwa Bitcoin. Badala ya kuuliza kuhusu anwani zako, simu inapakua muhtasari mdogo wa kila bloku na kutafuta yenyewe humo ndani. Ikiona dalili ya pesa yako, inachukua bloku nzima. Ni kama kununua gazeti na kusoma kurasa zote za matangazo ya vifo mwenyewe, badala ya kumpigia mhariri na kumuuliza kama fulani ametangazwa. Mhariri hajui ulikuwa unamtafuta nani. Gharama yake ni bando kidogo zaidi. Natamani kila msanidi anayeunda pochi mjini hapa aanze na njia hii kabla hajafikiria rangi ya vitufe.

Nodi juu ya kabati

Njia kamili ni kuwa na daftari lako nyumbani. Nodi yangu ya Bitcoin, yaani kompyuta inayotunza nakala ya daftari na kuzungumza na nyingine kama yake, ni laptop kuukuu niliyoiongezea diski ya terabaiti 1, imekaa juu ya kabati la vyombo. Kupakua daftari lote kwa bando la simu ni kujitia umaskini. Kwa faiba ya nyumbani ni kazi ya siku kadhaa. Asiye na diski kubwa anaweza kuiagiza nodi itupe bloku za zamani ikishazikagua, lakini kuzipakua zote kwanza ni lazima.

Nodi hufungua yenyewe miunganisho 10 kwenda kwa nodi nyingine, 8 kamili na 2 za kupokea bloku tu. Tatizo la huku kwetu ni upande wa pili, wa kupokea wageni. Ukiwa nyuma ya anwani ya IP inayotumiwa na watu wengi, hakuna wa nje anayeweza kukubishia hodi, kwa sababu mgeni akibisha mlango wa ploti haijulikani anamtaka nani. Nilihangaika na hilo kwa muda hadi nilipoipitisha nodi kwenye Tor, mtandao wa kuficha data inatoka wapi na inaenda wapi. Huduma iliyofichwa ndani ya Tor haihitaji anwani ya umma: pande zote 2 hutoka nje na kukutana katikati, kwenye kituo cha tatu. Kilichowekwa kwa ajili ya siri kikatatua pia tatizo la uhaba wa anwani.

Tor yenyewe ilichipuka kwenye maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani katika miaka ya 1990, ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Ujumbe wako hufungwa kwa matabaka kama kitunguu na kupita vituo 3. Cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui unakokwenda, cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakikujui, na cha katikati hakijui lolote kati ya hayo.

Kwa nini nodi ihitaji haya yote, wakati ina daftari lake yenyewe? Kwa sababu ya namna miamala inavyosambaa. Nodi ikipata muamala humwambia jirani, jirani humwambia jirani, na kwa sekunde chache dunia nzima imesikia. Hadi juzi mazungumzo hayo ya Bitcoin yalikuwa wazi kabisa. Mtoa intaneti wako angeweza kuona muamala ukitoka nyumbani kwako, na kama haukuwa umeingia kwanza, basi umezaliwa humo. Usimbaji, yaani kuyafumba mazungumzo hayo, ulikuja na toleo la 26 la Bitcoin Core, programu inayoendesha nodi nyingi, Desemba 2023, ukawashwa kwa wote kwenye toleo la 27, Aprili 2024. Miaka 15 ilipita kabla ya hapo.

Hata hivyo usimbaji haumzuii jasusi aliyejifanya jirani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Luxembourg walionyesha kwamba anayejiunganisha na nodi nyingi anaweza kuhusisha muamala na anwani ya IP ya aliyeutuma, kwa kufuata nani alikuwa wa kwanza kuutaja; walifaulu kati ya asilimia 11 na 60, kutegemea nguvu waliyotumia. Wanaoishi mtaani wanaelewa hili bila kufundishwa. Uvumi ukitaka kuufuata, unauliza nani alisema kwanza.

Dawa iliyopendekezwa inaitwa Dandelion. Badala ya kutangaza, unamnong'oneza mmoja, naye anamnong'oneza mmoja, na baada ya hatua kadhaa mmojawao ndiye anayetangaza sokoni. Mfuatiliaji akirudi nyuma anamkuta mtangazaji, ambaye siye mwenye habari. Monero imekuwa nayo tangu 2020. Bitcoin haijaichukua, na sababu ni ya kiufundi hasa: nodi inayohifadhi minong'ono ya wengine inaweza kujazwa takataka, na ni vigumu kuzichuja bila kufichua mnong'ono ulitoka wapi. Naelewa hoja hiyo, ila inaniuma kwamba mtandao mkubwa kuliko yote ndio uliobaki nyuma hapa.

Tor nayo ina udhaifu unaojulikana. Anayetazama unapoingia na unapotokea kwa wakati mmoja anaweza kulinganisha saa: kitu kiliingia saa 3:00:01, kitu cha ukubwa uleule kikatoka saa 3:00:02. Wazo la Chaum la 1981 linajibu hilo. Vituo vinashikilia ujumbe kidogo, vinauchanganya na mwingine, vinaongeza na wa kubuni, kisha vinautoa kwa mpangilio tofauti. Mtandao wa Nym umejengwa hivyo. Kwa kuangalia video ungekuwa mateso. Kwa malipo, ambayo Bitcoin yenyewe huyathibitisha kwa dakika kama 10, sekunde chache za kusubiri si kitu. Ndiyo maana nadhani mitandao ya kuchanganya inaifaa pesa kuliko inavyofaa kazi nyingine yoyote ya intaneti, na mwanafunzi wa mitandao anayetafuta mradi wa kumalizia shahada angefanya vyema kuanzia hapo.

Kebo inapokatika

Miundombinu hiihii inayosikiliza ndiyo inayoweza pia kuzima. Mwaka 2017 watafiti, wakiwemo wa chuo cha ETH Zürich, waligundua kwamba mitandao 13 tu ya watoa huduma ilikuwa imebeba asilimia 30 ya nodi za Bitcoin duniani. Njia kati ya mitandao hiyo huelekezwa kwa itifaki ya BGP, ambayo kwa asili yake huamini inachoambiwa. Aprili 2018 walaghai waligeuza njia za trafiki ya seva za majina za Amazon kwa saa 2 hivi, wakawaelekeza watumiaji wa MyEtherWallet kwenye tovuti bandia na kuiba takriban dola 150,000. Pochi za watu hazikuwa na kasoro. Barabara ndiyo iliyopotoshwa.

Sisi tuliionja kwa namna nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, siku ya maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, ikadorora tena. Aliyekuwa na pesa kwenye pochi siku hizo alijifunza kwamba ufunguo anao mwenyewe lakini barabara si yake. Mwaka 2017 kampuni ya Blockstream ilianza kurusha bloku za Bitcoin kwa setilaiti, na Afrika ilikuwemo. Uzuri wake wa faragha ni mkubwa, kwa sababu dishi linalopokea halimwambii mtu yeyote kwamba linasikiliza. Kutuma bado kunahitaji njia nyingine.

Na wenye simu za kabambe, zile ndogo za vitufe? Machankura, huduma iliyoanzishwa mwaka 2022 na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, inawawezesha kutuma bitcoin kwa kubonyeza namba za USSD, bila intaneti. Naiheshimu sana kwa kuwakumbuka watu ambao wasanidi wengi huwasahau. Lakini USSD haifumbwi kutoka mwanzo hadi mwisho: kila tarakimu unayobonyeza inapita ndani ya mtandao wa simu ikiwa inasomeka na kampuni. Kwa mama anayepokea shilingi 300, urahisi huo unaweza kuwa na thamani kuliko siri. Ni haki yake kuamua, mradi ameambiwa.

Malango

Mwisho wa njia kuna lango la kugeuza kripto kuwa shilingi, na hapo hesabu zote hukutana na kitambulisho. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na Oktoba 2025 Rais alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe, inayoziweka biashara hizi chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Masoko ya kripto yatawajua wateja wao kama benki zinavyowajua.

Silipingi hilo. Ninachoogopa ni ghala la taarifa, na ghala hatukulisoma vitabuni. Julai na Agosti 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa kripto, kwa sarafu zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi tarehe 2 Agosti. Hukumu ya Mahakama Kuu ya kuamuru data hizo zifutwe ilikuja Mei 2025. Nenosiri likivuja unabadilisha, jicho hubadilishi.

Upande wa pili kuna Tornado Cash, programu ya Ethereum iliyotumia uthibitisho usiofichua kuchanganya pesa. Agosti 2022 Marekani iliiwekea vikwazo, ikidai kwamba zaidi ya dola bilioni 7 zilisafishwa humo tangu 2019, zikiwemo za wadukuzi wa Korea Kaskazini. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikasema programu isiyomilikiwa na mtu haiwezi kuwekewa vikwazo kama mali, na Machi 2025 vikaondolewa. Lakini msanidi mmoja, Alexey Pertsev, alikuwa amehukumiwa Uholanzi miaka 5 na miezi 4, na mwenzake Roman Storm akapatikana na hatia ya shtaka moja huko Marekani Agosti 2025. Wizi ule ulikuwa wa kweli na waathiriwa ni wa kweli. Hata hivyo chombo kilekile kilimfaa mtu kama binamu, anayetaka tu mnunuzi wa dola 100 asijue mshahara wake. Kumweka yeye na wezi wa mabilioni kwenye kapu moja ni kosa, na ningependa wabunge wetu wasilirudie watakapotunga kanuni.

Binamu tulimpangia upya. Mteja sasa hulipa kwenye pochi ambayo anwani yake hampi mtu mwingine. Anapotaka kuuza, hupeleka kiasi kinachohitajika kwenye soko la kripto linalomjua kwa kitambulisho, kisha hukitoa kuelekea pochi ya pili, ya mauzo. Soko linajua yote, wanunuzi hawajui. Amechagua nani ajue. Tulijaribu Jumapili moja: nikajifanya mnunuzi, akanitumia dola 5, nikaibandika anwani yake kwenye tovuti ileile ya siku ile. Nikaona salio la dola 40 na miamala ya siku 3, basi.

Pochi yenyewe bado huuliza seva ya watu salio lake, na nodi ya Tron ni kubwa mno kwa laptop yoyote tunayoweza kununua Luthuli. Kwa hilo amepakua Orbot, programu inayopitisha data ya simu kwenye Tor. Huiwasha kwanza, kisha pochi. Inachelewa kufunguka, naye husubiri.